Uzi: Programu za simu kwa wanafunzi wa sekondari, hasa wale ambao kitabu cha kawaida hakiwafai

Mwanzilishi wa uzi (mwalimu wa Kiswahili, Nairobi)

Ndugu wazazi, walimu na wanafunzi, kila likizo inapokaribia makundi ya wazazi hapa Nairobi hujaa swali lile lile: mtoto wa sekondari anunuliwe programu gani ya kujifunzia? Majibu hayakawii, mengi yakiwa na viungo vya kulipia, na ni nadra mtu kuuliza kwanza mwanafunzi mwenyewe anakwama wapi. Aliyekwama kwa sababu hakuelewa milinganyo ana haja tofauti kabisa na yule anayeielewa milinganyo lakini herufi za kitabu haoni, au yule asiyemsikia mwalimu anayeongea huku ameupa mgongo darasa.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa ambako wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu huketi darasa moja na wenzao. Msimamo wangu, ambao naomba tuujadili kwa kina, ni kwamba sehemu kubwa ya msaada wanaouhitaji wanafunzi hawa tayari imo ndani ya simu na kompyuta za kawaida, bila malipo yoyote. Kinachowaangusha ni kwamba hakuna aliyewaonyesha namna ya kuviwasha visaidizi hivyo, na kwamba sisi walimu tunawatumia masomo kwa namna ambayo hakuna kisaidizi kinachoweza kuyasoma.

Nianze na simu. Simu za Android huja na kisoma skrini, yaani programu inayotaja kwa sauti kilicho kwenye skrini, kiitwacho TalkBack, na iPhone imekuwa na VoiceOver tangu mwaka 2009. Ukiwasha TalkBack, desturi nzima ya kugusa simu hubadilika: mguso mmoja haufungui kitu, bali hukifanya kisoma skrini kikitaje kilicho chini ya kidole, kutelezesha kidole kwenda kulia humpeleka mtumiaji kwenye kitu kinachofuata, na kugusa mara mbili haraka haraka ndiko kunakofungua. Mzazi asiyejua hili huiwasha, akaona simu imekataa kutii, akaipeleka kwa fundi mjini ikiwa nzima kabisa. Katika simu nyingi, ukishairuhusu njia ya mkato kwenye mipangilio ya ufikivu, kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache huiwasha na kuizima, kwa hivyo hata simu ya familia nzima inaweza kutumiwa na mtoto asiyeona jioni na kurudi kwa mama asubuhi bila usumbufu.

Kwenye kompyuta kuna NVDA, kisoma skrini cha Windows kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni. Waliona kwamba visoma skrini vya kibiashara vilikuwa ghali kupita uwezo wa watu wengi, wakakitoa chao bila malipo. Hubebwa hata kwenye diski mweko (flash), kwa hivyo mwanafunzi anaweza kukitumia kwenye kompyuta ya shule au ya maktaba bila kukisakinisha. Sauti yake ya eSpeak husoma Kiswahili, ingawa kwa ukavu wa mashine, na msomaji aliyeizoea huiongeza kasi hadi sisi wengine tukashindwa kuifuata. Anayetaka sauti laini zaidi afungue kivinjari cha Edge chenye uwezo wa kusoma kurasa kwa sauti, achague Zuri au Rafiki kwa Kiswahili cha Kenya, au Rehema au Daudi kwa cha Tanzania. Nasisitiza uchaguzi huu wa sauti kwa sababu nimekutana na wanafunzi waliosomewa insha za Kiswahili na sauti ya Kiingereza, wakaamua kwamba kisoma skrini hakifai kwa somo langu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi. Mwalimu anataka kutuma zoezi. Anafungua kitabu mezani, anakipiga picha ukurasa umepinda na kidole gumba kikionekana pembeni, kisha anaituma kwenye kundi la darasa. Wenye macho wanavuta picha na kusoma. Mwanafunzi asiyeona anatelezesha kidole, TalkBack inasema "picha", halafu kimya. Hali huwa hiyo hiyo kwa mitihani ya miaka iliyopita inayozunguka mitandaoni: mingi ni karatasi zilizopitishwa kwenye mashine ya kunakili na kuhifadhiwa kama PDF, ambayo kwa kisoma skrini ni ukurasa mtupu. Jaribio la kuitambua hati kama hiyo ni rahisi: jaribu kuteua neno moja kwa kidole au kwa kipanya. Likiteulika, hayo ni maandishi. Ukurasa mzima ukishikwa kwa pamoja, au kisishikwe chochote, hiyo ni picha, na mwanafunzi wako ameachwa nje ya somo.

Zipo programu za kugeuza picha kuwa maandishi, na ni nzuri. Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft husoma ukurasa uliowekwa mbele ya kamera, mradi karatasi imenyooka na mwanga unatosha. Hata hivyo, zinapokutana na jedwali, safu mbili za maandishi au mchoro, mpangilio huvurugika. Kwa hivyo wajibu unamrudia mwalimu: andika zoezi kama maandishi, na mchoro uueleze kwa maneno. Mwalimu wa Biolojia anayetuma mchoro wa moyo aongeze sentensi chache chini yake, kwamba damu yenye oksijeni kidogo huingia atiria ya kulia, hushuka ventrikali ya kulia na kusukumwa kwenda mapafuni, kisha hurejea ikiwa na oksijeni kupitia atiria ya kushoto hadi ventrikali ya kushoto, ambayo ukuta wake ni mnene zaidi kwa sababu husukuma damu mwili mzima. Sentensi hizo huandikwa kwa dakika chache, na humsaidia hata mwanafunzi anayeona ambaye mchoro haukumwingia akilini.

Hili si suala la hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli (maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole) au njia nyingine zinazofaa za mawasiliano, na haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kuondoa vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Vilevile Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao unalegeza hakimiliki ili vitabu viweze kugeuzwa kuwa Breli, sauti au maandishi ya kidijitali kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida. Hapa Nairobi ipo kampuni ya eKitabu inayotengeneza vitabu vya kidijitali vinavyosomeka kwa visoma skrini, kwa hivyo asiwepo wa kusema kazi hii haiwezekani kufanyiwa nchini.

Karibuni mchangie, hasa mnaozitumia programu hizi wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza (mwalimu wa Hisabati na Fizikia, Eastlands)

Mwalimu mwenzangu, nakuunga mkono kuhusu picha za vitabu, na nakubali kwamba sisi wa Hisabati ndio wakosaji wakubwa. Mlinganyo ukibandikwa kama picha haumfikii mwanafunzi asiyeona hata kidogo. Unapoandikwa kwa kifaa cha milinganyo kilicho ndani ya Word, au kwa MathML, lugha ya kuandikia hisabati, katika ukurasa wa wavuti, NVDA ikitumia kisaidizi kiitwacho MathCAT inaweza kuusoma sehemu kwa sehemu, ili msikilizaji ajue kilicho juu ya mstari wa sehemu na kilicho chini yake. Bila hilo, moja kugawa kwa mabano ya x kujumlisha mbili, na moja kugawa kwa x kisha kujumlisha mbili, husikika vilevile, na jibu huharibika kabla mwanafunzi hajaanza kukokotoa.

Naomba nipanue mjadala kidogo kwa wanafunzi wanaoona na kusikia lakini wanasoma katika shule zisizo na maabara. PhET, mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001, umenisaidia kufundisha saketi za umeme mahali ambapo betri na balbu hazikutosha darasa zima. Mwanafunzi huunganisha nyaya kwenye skrini, akaongeza kinzani, akaona elektroni zikipunguza mwendo. Mengi ya majaribio hayo hupakuliwa na kutumika nje ya mtandao, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. GeoGebra nayo, programu ya grafu na jiometri ambayo Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001, hufanya grafu za kipeo cha pili zieleweke haraka kwa sababu mwanafunzi hubadilisha namba moja na kuona mchirizi ukipanda au kufunguka papo hapo.

Kuhusu Khan Academy, jukwaa la bure la masomo ya mtandaoni, nina tahadhari. Maelezo yake ni mazuri sana, lakini mpangilio wake unafuata mtaala wa Marekani, kwa hivyo mwanafunzi akifuata kozi kutoka mwanzo hadi mwisho atatumia wiki nyingi kwenye mada zisizo zake na aruke zilizo zake. Mimi huwaagiza watafute mada moja moja. Tatizo la mtaala limekuwa zito zaidi sasa. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, walio katika mtaala mpya, waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na wakati huo huo madarasa ya mwisho ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 yanaendelea kuelekea KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ya mwaka 2027. Programu iliyoandaliwa kwa kidato cha pili haiwi ya Gredi ya 10 kwa kubadilishwa jina la jalada, na wapo wauzaji wanaofanya hivyo. Mzazi aulize kama maudhui yameidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, na aulize kabla ya kulipa.

Jambo la mwisho ni marufuku ya simu shuleni. Sababu zake nazijua, na darasani kwangu nisingependa simu arubaini zikiwaka. Lakini kwa mwanafunzi asiyeona simu yenye TalkBack ni sawa na miwani kwa mwenye macho dhaifu, na hakuna shule inayomnyang'anya mtoto miwani langoni.

Mchangiaji wa pili (mama wa watoto watatu, Kayole)

Walimu, asanteni kwa maelezo. Nimesoma yote, lakini naona mnazungumza kama kwamba kila mtoto ana simu yake. Nyumbani kwangu simu janja ni moja, naenda nayo kazini, na narudi jioni betri imebaki kidogo. Kijana wangu wa kidato cha tatu ana kabambe, simu ndogo ya vitufe. Bando likinunuliwa Jumatatu haliioni Alhamisi, kwa sababu video moja ya somo hulila lote. Mnatushauri vipi sisi?

Pia naomba kuuliza jambo jingine. Huyu kijana anasoma polepole mno, anaruka mistari, na anaandika herufi kinyume tangu shule ya msingi. Ukimsomea swali analijibu vizuri kuliko dada yake. Mwalimu wake wa zamani alisema ni uvivu. Nimeona mtandaoni kuna mwandiko maalumu wa kompyuta (fonti) wa watoto wa aina hii na programu inayouzwa. Je, ninunue?

Mwanzilishi wa uzi

Mama, maswali yako yote mawili ni mazito, nami nitayajibu kwa kadiri ninavyojua.

Kuhusu simu moja na bando dogo, tofautisha kupakua na kutumia. Maktaba ya Taifa iliyoko Upper Hill, Maktaba ya McMillan iliyoko Banda Street tangu mwaka 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara ambayo yako upande wenu wa Eastlands, ni mahali pa kusomea bila malipo makubwa. Mtoto akipata mtandao, apakue kinachofanya kazi nje ya mtandao. Kiwix huhifadhi Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, kama faili moja inayofunguka bila bando. AnkiDroid, programu ya kadi za kukumbukia, haihitaji mtandao baada ya kusakinishwa na ni ya bure kwenye Android. Kazi yake ni kukurejeshea swali pale unapokaribia kulisahau: ulilolijua vizuri hurudi baada ya siku nyingi, na ulilolikosa hurudi mapema. Msingi wake ni uchunguzi wa Hermann Ebbinghaus, aliyeonyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni na kwamba marudio yaliyotawanywa huzuia kusahau huko. Kadi ziandikwe na mwanafunzi mwenyewe kutoka daftari lake, kwa sababu kule kuzitunga ni nusu ya kujifunza. Robo saa kwenye simu ya mama, baada ya chakula cha jioni, inatosha kabisa.

Kuhusu kabambe, tusiidharau. Huduma ya Shupavu 291 ya kampuni ya Eneza ilijengwa juu ya ujumbe mfupi kwa sababu hiyo hiyo, na shule zilipofungwa Machi 2020 ilitolewa kwa muda bila malipo kwa wateja wa Safaricom. Maswali ya kuchagua jibu na maelezo mafupi hukaa vizuri ndani ya ujumbe mfupi. Mchoro na mlinganyo havikai.

Kwa shule, suluhisho la kudumu ni Kolibri, jukwaa la bure lililotengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya mahali pasipo na mtandao wa uhakika. Shule huweka kompyuta moja yenye masomo yote, wanafunzi wakaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani, na hakuna bando linalotumika. Chama cha wazazi kinachochangisha fedha za basi kinaweza kulijadili hili pia katika kikao kimoja.

Kuhusu kijana wako nitarudi hapa chini, maana namwona mchangiaji mwingine anaandika na ningependa tumsikie kwanza.

Mchangiaji wa tatu (mwanafunzi wa chuo kikuu, asiyeona)

Mwalimu, mimi nimepitia sekondari nikitumia vitu hivi, kwa hivyo niongeze yale ambayo mtu anayeona huenda asiyatambue.

Programu nyingi za kujifunzia zinazouzwa hapa hazijajaribiwa na mtu asiyeona hata mara moja. Unaifungua, unatelezesha kidole, na unachosikia ni "kitufe, kitufe, kitufe", kwa sababu mtengenezaji hakukipa kila kitufe jina. Kipi ni cha kujibu? Kipi ni cha kulipia? Huwezi kujua. Nyingine zina maswali ya kuburuta jibu kwa kidole hadi kwenye kisanduku chake, jambo ambalo ni gumu mno chini ya TalkBack, au zinahesabu sekunde huku kisoma skrini kikiwa bado hakijamaliza kusoma chaguo la tatu. Ushauri wangu kwa mzazi au shule ni huu: washa TalkBack, zima mwanga wa skrini, kisha jaribu kufungua somo moja na kujibu swali moja. Ukishindwa, usilipe, na umwandikie mtengenezaji kumweleza ulikwamia wapi. Kurekebisha majina ya vitufe si kazi kubwa kwa fundi wa programu. Ni kazi tu ambayo hakuna aliyemdai.

Jambo la pili ni Breli. Watu wanafikiri sauti imeiondoa. Nilimaliza kidato cha kwanza nikisikiliza tu, na tahajia yangu ya Kiswahili na Kiingereza ilidhoofika, kwa sababu sikio halikuonyeshi neno linaandikwaje wala koma imekaa wapi. Fasihi, hisabati na lugha zinahitaji vidole vipite juu ya maandishi. Vipo vifaa vya Breli ya kielektroniki kama Orbit Reader 20, ambacho huonyesha seli 20, yaani nafasi 20 za herufi za Breli, kwa wakati mmoja, huinua na kushusha nukta kadiri unavyosoma, huunganishwa na simu kwa Bluetooth, na hubeba vitabu vingi kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Ukijua kwamba kitabu kimoja cha kiada kikichapwa kwa Breli ya karatasi hugeuka majuzuu kadhaa mazito, utaelewa maana yake kwa mtoto anayepanda matatu kila asubuhi. Bado ni ghali kwa familia moja, na ndiyo maana shule zinapaswa kuvinunua kama zinavyonunua hadubini.

La tatu ni programu za akili unde. Zinanisaidia sana kuelezewa picha na grafu, na wenzangu wa sekondari wanazitumia kila siku. Lakini zinapokosea hukosea kwa ujasiri ule ule zinaotumia kusema kweli. Niliiuliza mojawapo kuhusu mhusika katika kitabu teule cha fasihi, ikanipa maelezo marefu ya tukio lisilokuwemo kitabuni. Anayeona atafungua ukurasa na kuhakikisha. Mwanafunzi asiyeona ambaye hana kitabu hicho kwa Breli wala kwa maandishi ya kidijitali hana pa kuhakikishia, na hapo tunarudi kwenye vitabu.

Mchangiaji wa nne (mkalimani wa Lugha ya Ishara)

Naomba viziwi wasisahaulike katika uzi huu. Programu ya Google iitwayo Live Transcribe, iliyotolewa mwaka 2019 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Gallaudet, huandika kwenye skrini maneno yanayosemwa, na inafaa kwa mwanafunzi aliyepoteza usikivu akiwa tayari anajua kusoma vizuri. Simu ikae karibu na mwalimu, sio kwenye dawati la nyuma, kwa sababu kelele za darasa kubwa huivuruga, na mwalimu asizungumze akiwa ameuelekea ubao.

Hata hivyo, mwanafunzi aliyezaliwa kiziwi lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya, yenye sarufi yake, ambayo si Kiswahili cha mikono wala Kiingereza cha mikono. Maandishi yanayokimbia kwenye skrini kwake ni lugha ya pili au ya tatu. Nimeona shule ikinunua tableti na kumwachisha mkalimani mwezi huo huo, na matokeo yake ni kwamba wanafunzi walikaa wakitazama sentensi wasizozielewa huku ofisi ikiamini kwamba tatizo limetatuliwa. Kinachowafaa ni video za masomo kwa Lugha ya Ishara zenye manukuu, ambazo mwanafunzi anaweza kuzisimamisha na kuzirudia. Msamiati wa Kemia na Fizikia kwa ishara bado unahitaji kazi kubwa, kwa hivyo programu yoyote nzuri lazima ihusishe walimu viziwi tangu siku ya kwanza.

Mwanzilishi wa uzi

Mkalimani, nashukuru. Kununua kifaa na kumwondoa mtu ni kosa ambalo shule haifai kulifanya, na naomba wazazi walio katika bodi za shule walikatae kwenye kikao cha bajeti.

Nigusie kidogo usalama wa taarifa. Programu nyingi za bure huomba jina la mtoto, shule yake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, na za wanafunzi wenye ulemavu huongeza taarifa za afya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na si sheria ya makaratasi tu: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Programu ya kamusi au ya hesabu inayotaka kujua mahali alipo mtoto ikataliwe ruhusa hiyo.

Sasa nirudi kwa Mama wa Kayole. Kwanza, futa neno uvivu. Mtoto anayejibu vizuri akisomewa na kukwama akisoma mwenyewe anaonyesha dalili zinazofanana na za disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, ingawa mimi si mtaalamu na siwezi kulithibitisha hilo kupitia mtandao. Mwandiko maalumu usiununue. Tafiti zilizoupima hazijaonyesha kwamba umbo hilo la herufi huwafanya wasome vizuri zaidi; kinachosaidia ni nafasi pana kati ya herufi na mistari, mistari mifupi, na kusikia huku macho yakifuata. Hayo yote yamo bila malipo katika Kisomaji Makini cha Microsoft, kiitwacho Immersive Reader, kilicho ndani ya Word na Edge: hupanua nafasi, huficha mistari mingine na kuacha mmoja au mitatu, na hulipaka rangi neno linalosomwa. Kwa kijana anayeruka mistari, kuuacha mstari mmoja tu kwenye skrini hubadilisha mengi. Kwenye simu yako hiyo moja, washa uwezo wa kusomewa maandishi yaliyoteuliwa, ambao nao umo katika mipangilio ya ufikivu. Kwa kuandika, atumie maikrofoni iliyo kwenye kibodi ya simu, aseme insha yake kwa Kiswahili, kisha aisikilize ikisomwa na kuirekebisha.

Pili, na hili ndilo la haraka kuliko programu yoyote, mpeleke akapimwe. Vipo vituo vya serikali vya kutathmini mahitaji ya kielimu, vijulikanavyo kwa kifupi kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iko Kasarani, ambako kutoka Kayole si mbali. Beba madaftari yake ya miaka tofauti, ripoti za shule, na matokeo ya kupimwa macho na masikio kama unayo, kwa sababu mtathmini ataanza kwa kuhakikisha kwamba kinachomsumbua si uoni au usikivu.

Ripoti ikitoka, ipeleke kwa mwalimu mkuu kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Maombi ya mtahiniwa kupewa muda wa ziada au msaada mwingine katika KCSE hupitia shuleni, wakati wa usajili wa watahiniwa, wala si wiki za mwisho kabla ya mtihani. Kijana wako yuko kidato cha tatu, kwa hivyo muda upo, lakini tathmini ifanyike muhula huu. Ukipata kikwazo popote katika hatua hizo, andika hapa hapa nasi tutakusindikiza.